Nusu ya Nini? Uhakiki wa Tafsiri Tatu za Maelekezo ya Bunduki ya Mchezo

Mwalimu mmoja wa somo la tafsiri ametuletea kazi tatu za wanafunzi wake, akatuomba tuzitolee maoni. Zote tatu ni tafsiri za karatasi moja ya maelekezo. Karatasi hiyo humwonyesha fundi namna ya kuigeuza bunduki ya mchezo, ile inayorusha vidude vya mviringo vya plastiki, ili isiweze tena kupiga mfululizo bali ipige mara moja kwa kila mvuto wa kifyatulio. Huenda msomaji akauliza: mchezo huu wa watu wa Japani na Ulaya watuhusu nini sisi tulio na vitabu vya shule vya kufasiri na nyaraka za ofisi za kuandika? Nasi tulijiuliza hivyo hivyo. Lakini tulipomaliza kuzisoma kazi zile tatu, tuliona ya kwamba mwalimu alikuwa na busara. Alichagua kitu cha mchezo ili makosa ya wanafunzi yasimdhuru mtu. Hata hivyo maneno yaliyowashinda wanafunzi wake ndiyo hayo hayo yanayomngoja mfasiri wa sheria za silaha.

Itakumbukwa ya kwamba mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilirekebishwa nchini Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria imekuwa wajibu wa watumishi wa umma, si hiari ya wapenzi wa lugha. Miongoni mwa sheria hizo imo ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Neno likikosewa katika hadithi, msomaji hucheka na kufungua ukurasa unaofuata. Neno likikosewa katika sheria ya silaha, mtu huweza kwenda jela kwa kosa ambalo hakulitenda, au akaachiwa kwa kosa alilolitenda. Kwa sababu hiyo tumeonelea vema kuzijadili tafsiri hizi kwa kirefu.

KITU CHENYEWE

Haifai kukihakiki kisemwacho kabla ya kukifahamu. Mchezo huu ulianzia Japani katika miaka ya 1970, nchi yenye sheria kali mno za silaha. Bunduki zake hufanana kwa umbo na bunduki za vita, lakini hurusha gololi za plastiki ambazo kwa kawaida zina kipenyo cha milimita 6 na uzito wa gramu 0.20 hivi. Hapo kwanza zilitumia springi ya kuvutwa kwa mkono au gesi. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki yake ya kwanza ya mota na betri, iliyotengenezwa kwa mfano wa bunduki ya Kifaransa iitwayo FAMAS, na mtindo huo ukaenea duniani.

Nguvu yake ni ndogo. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde huwa na nishati ya jouli 1. Risasi ya bunduki ya vita aina ya AK hutoka mtutuni na jouli zipatazo 2,000. Hata hivyo jouli 1 yatosha kulipofua jicho, na ndiyo maana wachezaji huvaa miwani ya kukinga macho, na mataifa yametunga sheria.

Ndani ya bunduki hiyo mna mota inayozungusha magurudumu ya meno. Gurudumu la mwisho lina meno kwenye karibu nusu tu ya mzingo wake. Meno hayo huikamata pistoni na kuivuta nyuma huku yakiibana springi. Meno yanapokwisha, springi hufyatuka, pistoni huruka mbele, na hewa iliyomo katika silinda huisukuma gololi hadi nje ya mtutu. Kila mzunguko wa gurudumu hutoa gololi moja.

Juu ya gurudumu hilo pana kinundu kidogo. Bunduki inapowekwa kwenye hali ya kupiga mojamoja, kinundu hicho huusukuma wenzo mdogo, nao wenzo huitenga swichi ya umeme hata kama kidole bado kimekivuta kifyatulio. Umeme hukatika, mota husimama, na haitazunguka tena mpaka kidole kikiachie kifyatulio na kukivuta upya. Inapowekwa kwenye hali ya mfululizo, bamba linalosukumwa na kiteuzi cha bunduki huuweka kando wenzo ule ili kinundu kisiusukume. Mota basi huendelea kuzunguka mpaka kidole kiachie au gololi ziishe. Kazi ya fundi tunayoizungumzia ni kulizuia bamba lile lisifike mahali pa mfululizo kamwe. Siku hizi zipo pia bunduki zenye saketi ndogo ya elektroniki, na hizo hupangwa kwa saketi yenyewe.

Tumeyaeleza haya kwa sababu mfasiri asiyeujua wenzo ule hawezi kujua kwa nini neno alilolichagua ni baya.

TAFSIRI TATU

Kichwa cha karatasi ile kimefasiriwa hivi. Mwanafunzi wa kwanza ameandika: "Kurekebisha bunduki laini ya hewa ili ipige nusu-otomatiki tu." Wa pili ameandika: "Kubadili bunduki ya upepo ili itoe risasi moja tu." Wa tatu ameandika: "Kuifunga bunduki ya gololi isipige rasharasha."

Kila mmoja ana fadhila yake. Wa kwanza ni mwaminifu kwa maneno ya asili, kiasi cha kuhamisha kila kipande mahali pake. Wa pili ameandika Kiswahili chepesi ambacho hata mtoto angekisoma. Wa tatu ameandika Kiswahili kitamu zaidi kuliko wenzake wote. Lakini fundi wa kwanza angeuliza maswali, fundi wa pili angetengeneza kitu kingine kabisa, na fundi wa tatu angefanya kazi sawasawa lakini asingeweza kujitetea mbele ya hakimu. Na tuziangalie moja baada ya nyingine.

"NUSU" YA NINI?

Tulimsomea sentensi ya kwanza mzee mmoja mlinzi wa lango, mtu aliyewahi kupata mafunzo ya silaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa hiyo, mwalimu, si ndiyo bunduki iliyoharibika nusu?" Tulicheka sote, lakini mzee yule alikuwa ametoa uhakiki mfupi kuliko huu wetu, wala si dhaifu.

Nusu katika Kiswahili ni sehemu moja kati ya mbili zilizo sawa, au ni jambo lisilotimia: nusu saa, nusu mkate, nusu mtu. Msomaji akiona "nusu-otomatiki" hutafuta kitu kilichopunguzwa. Je, ni nguvu? Ni idadi ya risasi? Ni umbali? Si kimojawapo. Bunduki ya mojamoja hupiga kwa nguvu ile ile na umbali ule ule. Aidha hujiandaa yenyewe kwa pigo linalofuata kama ifanyavyo ile ya mfululizo. Zaidi ya hayo, tumekwisha kuona ya kwamba katika bunduki ya mota hali ya mojamoja inahitaji wenzo mmoja wa ziada ufanye kazi, na hali ya mfululizo ni ile ambayo wenzo huo umewekwa kando. Kwa hiyo kinachoitwa nusu ndicho chenye kazi zaidi, na kinachoitwa kamili ndicho kilichoondolewa kitu. Nusu pekee iliyomo ndani ya mtambo ule ni gurudumu lenye meno upande mmoja, nalo huzunguka vile vile katika hali zote mbili. Mwanafunzi wetu wa kwanza alipofika kwenye gurudumu hilo aliliita "gia nusu", na hapo aya yake nzima ikavurugika, maana msomaji alidhani gia hiyo ni ya hali ya nusu-otomatiki peke yake.

Pana tatizo jingine. Neno hilo hilo limekwisha kuingia madukani pamoja na mashine za kufulia nguo. Mashine ya kufulia inayoitwa nusu-otomatiki ina mapipa mawili, na mwenye nguo hana budi kuzihamisha kwa mkono kutoka pipa la kufulia hadi pipa la kukamulia. Hapo "nusu" ni kweli: mashine hufanya sehemu ya kazi, na mtu hufanya sehemu iliyobaki. Mtu akilichukua neno hilo kutoka kwenye mashine na kulipeleka kwenye bunduki, ataelewa ya kwamba mpigaji huvuta komeo kwa mkono baada ya kila pigo. Hiyo ni bunduki ya aina nyingine kabisa.

Isitoshe, neno "otomatiki" lenyewe halikutulia hata kwa wenyewe. Bastola ya Marekani iitwayo M1911 iliitwa otomatiki tangu siku ilipoingia jeshini mwaka 1911, ingawa hutoa risasi moja tu kwa kila mvuto. Hapo "otomatiki" ilimaanisha kujijaza, siyo kupiga mfululizo. Lugha nyingine zilichukua njia zilizo wazi zaidi. Warusi waliiita karabini ya Simonov ya mwaka 1945 kwa jina lenye maana ya "inayojijaza yenyewe", na Waingereza waliiita bunduki yao ya kuanzia miaka ya 1950 kwa jina lenye maana hiyo hiyo. Kwenye kiteuzi cha bunduki ya AK Warusi waliandika herufi mbili kwa hali ya mfululizo na herufi mbili kwa hali ya "pekepeke". Wachina, katika bunduki yao ya mwaka 1956 iliyofuata mfano huo, waliandika alama mbili: moja yenye maana ya "kuunganisha mfululizo", nyingine yenye maana ya "moja peke yake". Askari aliye gizani hahitaji nusu. Anahitaji kujua kidole chake kitatoa nini.

Magazeti ya Tanzania nayo yamejitafutia njia ya mkato. Huandika "bunduki aina ya SMG" na "bunduki aina ya SAR", kama yanavyopokea kutoka katika taarifa za polisi. Hatuwalaumu waandishi, kwani habari haingoji. Lakini herufi si istilahi. S ya SMG husimama badala ya neno lenye maana ya udogo, na S ya SAR husimama badala ya neno lenye maana ya nusu, wala msomaji hana pa kuzitofautishia. Hupita miaka mingi akizisoma bila kujua ya kwamba tofauti iliyo kubwa kati ya silaha hizo mbili ni kitu kinachotokea kidole kikikaa juu ya kifyatulio.

"MOJA TU" NA "MOJAMOJA TU"

Tafsiri ya pili ina kosa dogo kwa sura na kubwa kwa maana. "Itoe risasi moja tu": risasi moja, kisha basi. Bunduki ya namna hiyo tunayo, na jina lake ni gobore. Mwenye gobore hutia baruti, hushindilia, hupiga mara moja, kisha huanza upya. Fundi aliyeisoma sentensi hii na kuitii angeondoa chombo cha kuwekea gololi na kuacha nafasi ya gololi moja.

Kiswahili kina dawa ya jambo hili, nayo haikuletwa na meli. Ni uradidi. Watoto wakiambiwa waingie darasani mmoja, mtoto mmoja huingia. Wakiambiwa waingie mmojammoja, huingia wote, ila kwa zamu. Mchuuzi akiuza machungwa mojamoja haimaanishi ana chungwa moja. Basi "risasi mojamoja" ina mambo mawili tunayoyahitaji: kwamba zipo nyingi, na kwamba kila moja ina zamu yake. Lugha zilizohitaji kuunda neno la nusu hazikuwa na uradidi wa namna hii. Sisi tunao, kisha tunauacha na kwenda kuazima.

Tungependa kuongeza ya kwamba neno hili lisiandikwe peke yake katika sheria bila kutaja kidole. Fasili iseme: risasi moja kwa kila mvuto mmoja wa kifyatulio. Hivyo ndivyo ilivyo katika sheria ya silaha ya Ujerumani ya mwaka 2002. Sheria hiyo kwanza hueleza silaha ambayo baada ya pigo huwa tayari tena yenyewe, kisha huigawa mara mbili kwa kuuliza swali moja: mvuto mmoja hutoa mapigo mangapi?

"RASHARASHA" NA MAHAKAMA

Twaja kwenye tafsiri ya tatu, ambayo tulipoisoma mara ya kwanza tuliipigia makofi. Rasharasha ni manyunyu ya mvua, na bunduki ya rasharasha ni ile inayomwaga risasi kama manyunyu. Neno hili linapendeza, kama linavyopendeza neno la zamani bombomu ambalo masikio husikia mlio wake. Katika hadithi na habari za vita tusingetaka maneno haya yapotee.

Lakini rasharasha hueleza kinachoonekana, hakielezi kinachofanyika. Mchezaji mwenye kidole chepesi huweza kuvuta mara nyingi kwa sekunde chache, na bunduki yake ya mojamoja ikamwaga gololi kama mvua. Je, amevunja sheria? Kwa tafsiri ya tatu, ndiyo, maana kilichokatazwa ni rasharasha. Kwa maelekezo ya asili, hapana.

Asidhani mtu ya kwamba tunachezea maneno. Tuvuke bahari kidogo hadi Marekani, ambako swali hili hili, kwa silaha za kweli, lilifika mahakamani. Tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja aliwamiminia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki, na watu 60 walipoteza maisha, baadhi yao miaka kadhaa baadaye kwa majeraha ya siku ile. Alikuwa na bunduki za mojamoja zilizotiwa kitako maalumu. Kitako hicho huuachia mrudio wa bunduki uitikise mbele na nyuma, hata kifyatulio kikawa kinakigonga kidole kilichotulia, tena na tena, kwa kasi inayokaribia ile ya mfululizo. Mwaka 2018 serikali ilitoa kanuni kwamba bunduki yenye kitako hicho ni ya mfululizo. Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliitengua kanuni hiyo. Sheria ya Marekani yenye asili ya mwaka 1934 husema juu ya silaha inayopiga zaidi ya mara moja yenyewe kwa tendo moja la kifyatulio. Walio wengi walisema kila pigo lilikuwa na tendo lake la kifyatulio. Walio wachache walisema mpigaji alifanya tendo moja tu, nalo likazaa mvua ya risasi.

Si kazi yetu kusema nani alikuwa na haki. Kazi yetu ni kumwonyesha mfasiri ya kwamba hukumu nzima ilining'inia kwenye maneno machache. Kama sheria ile ingefasiriwa kwa Kiswahili kwa neno rasharasha, mfasiri angekuwa amekwisha kuwahukumia walio wachache. Kama angeandika "kila kifyatulio kinaporudi na kuvutwa", angekuwa amewahukumia walio wengi. Mfasiri mwema huwaachia mahakimu kazi yao. Hutafuta maneno yaliyo wazi pale ambapo asili iko wazi, na yenye utata ule ule pale ambapo asili ina utata.

VITENZI NAVYO

Wahakiki wengi wa istilahi hutazama nomino na kuvisahau vitenzi. Mwanafunzi wa kwanza amesema "kurekebisha". Kurekebisha ni kukirudisha kitu katika usawa wake, kama vile saa iliyochelewa au hesabu iliyokosewa. Bunduki ile haikuwa na kosa. Wa pili amesema "kubadili", ambalo ni sahihi lakini ni pana mno, kwani hata kuipaka rangi ni kuibadili. Wa tatu amesema "kuifunga", naye amekaribia, ila bunduki iliyofungwa yaweza kuwa ile isiyopiga kabisa.

Sheria zinatulazimisha kutofautisha mambo mawili. Kuna kuiweka bunduki kwenye mojamoja, jambo ambalo mpigaji hulifanya kwa kidole gumba na kulitengua kwa kidole hicho hicho. Tena kuna kuifungia kwenye mojamoja, jambo ambalo hufanywa na fundi na haliwezi kutenguliwa uwanjani. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendea, na hapa inafaa sana: kufunga ni jambo moja, kufungia mahali fulani ni jambo jingine.

Tofauti hii ina uzito. Nchini Ujerumani bunduki ya mchezo yenye nishati inayozidi jouli 0.5 hairuhusiwi kuwa ya mfululizo; isiyozidi kiasi hicho huruhusiwa. Sheria ya nchi hiyo pia huihesabu kuwa ya mfululizo silaha iliyogeuzwa kuwa ya mojamoja ikiwa yaweza kurudishwa ilivyokuwa kwa vifaa vya kawaida. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2017 iliweka mipaka miwili kwa bunduki za mchezo huu: jouli 1.3 kwa ile inayoweza kurusha gololi mbili au zaidi bila kifyatulio kuvutwa upya, na jouli 2.5 kwa ile isiyoweza. Angalieni neno "inayoweza". Sheria haiulizi bunduki imewekwa wapi leo. Inauliza yaweza nini. Mchezaji mwenye bunduki ya jouli 2 aliyeiweka tu kwenye mojamoja hajafikia masharti ya kifungu hicho, na mwenzake aliyeifungia ameyafikia. Kitenzi kimoja, tena viambishi vyake, ndicho kinachowatenga watu hawa wawili.

GOLOLI, RISASI NA KIFYATULIO

Katika mambo madogo tafsiri ya tatu imezishinda nyingine mbili. Risasi asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi yenyewe, na mpaka leo neno letu lina maana zote mbili. "Risasi ya plastiki" basi ni mgongano, na tena humtisha msomaji bila sababu. Watoto wetu huziita gololi zile duara za kuchezea, na mafundi wa baiskeli huziita gololi zile za chuma ndani ya ekseli. Neno lipo, linajulikana, na linaeleza umbo na ukubwa.

"Bunduki laini ya hewa" ya mwanafunzi wa kwanza ni mfano wa kufasiri kila neno peke yake, maana hakuna kitu laini katika bunduki ile. "Bunduki ya upepo" ya mwanafunzi wa pili ni neno zuri ambalo limekwisha kuwa na mwenyewe: ni ile inayorusha vipande vya risasi na kuangusha ndege. Kuitumia kwa zote mbili ni kumfanya mzazi anunue moja akidhani ni nyingine. Sisi twaunga mkono "bunduki ya gololi".

Juu ya kifyatulio tumekuta pia "mtambo" na "triga". Mtambo ni pana mno. Triga husikika mitaani, wala haina kosa katika mazungumzo. Lakini kifyatulio kimetokana na kitenzi chetu cha kufyatua, yaani kukiachilia kwa ghafla kitu kilichokuwa kimebanwa, kama mtego. Katika bunduki ya gololi ndivyo hasa ilivyo, kwa kuwa kinachofyatuka ni springi.

MAPENDEKEZO

Kwa maoni yetu, yafaa bunduki zigawanywe kwa maswali mawili, na jina lijibu maswali yote mawili. Swali la kwanza: nani huiandaa kwa pigo linalofuata, mkono au bunduki yenyewe? Swali la pili: mvuto mmoja hutoa mapigo mangapi? Tunapendekeza istilahi zifuatazo.

Bunduki ya pigo moja: ile ambayo baada ya pigo hujazwa upya kwa mkono, kama gobore.

Bunduki ya kukoki kwa mkono: ile yenye akiba ya risasi, lakini mpigaji huvuta komeo baada ya kila pigo.

Bunduki ya kujikoki ya mojamoja: ile inayojiandaa yenyewe, nayo hutoa pigo moja kwa kila mvuto.

Bunduki ya kujikoki ya mfululizo: ile inayojiandaa yenyewe, nayo huendelea kupiga muda wote kifyatulio kinapokuwa kimevutwa.

Pigo la mkupuo: hali ambayo mvuto mmoja hutoa idadi maalumu ya mapigo, kwa mfano mkupuo wa tatu.

Kichwa cha karatasi yetu basi kingesomeka hivi: "Namna ya kuifungia bunduki ya gololi kwenye mojamoja." Ni maneno manane, wala hakuna hata moja ambalo fundi wa Tandika au wa Kisumu angelazimika kulitafuta kwenye kamusi.

Tunatazamia pingamizi tatu. La kwanza, kwamba kukoki ni neno la kuazima na tena la kambini. Ni kweli. Lakini limekwisha kuenea katika hadithi, habari na mazungumzo, na limekubali viambishi vyetu bila kinyongo: kukoki, kukokiwa, kujikoki. Neno lililokubali kunyambuliwa limekwisha kupewa uraia. La pili, kwamba istilahi zetu ni ndefu. Nalo ni kweli, na katika majedwali pataruhusiwa "mojamoja" na "mfululizo" peke yake, maadamu fasili imetangulia. La tatu, kwamba otomatiki ni neno la dunia nzima. Hatusemi lifutwe. Libaki kwenye saa, kwenye magari na kwenye mashine za kufulia, mahali ambapo halimtii mtu hatiani.

Mwisho, tungependa kuwarudia wanafunzi wale watatu. Hatukuzihakiki kazi zao ili kuwavunja moyo. Wa kwanza alichelea kuiacha asili, wa pili alichelea kumchosha msomaji, na wa tatu alichelea kukiharibu Kiswahili. Hofu zote tatu ni za mfasiri mwema. Kilichowapungukia ni kufungua mtambo na kuutazama ule wenzo mdogo kabla ya kushika kalamu. Yeyote aliyekabidhiwa sheria ya silaha kuifasiri, tunamsihi aende kwanza kwa mtu anayezijua silaha, amwombe amweleze kidole kinafanya nini na chuma kinafanya nini, kisha arudi mezani. Wasomaji walio na istilahi bora zaidi ya hizi, hasa walimu na maofisa waliokwisha kukutana na maneno haya kazini, wanakaribishwa kuzileta ili zijadiliwe kabla hazijapigwa mhuri.